Maji ya Ndimu Kambini

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Sembe, maharage, chumvi. Leo tena. Niliamka kabla ya alfajiri kuwasha moto, maana maharage haya ni ya zamani na hayaivi upesi. Watu sitini, mapipa mawili niliyoyakata mwenyewe. Ijumaa wanapata ng'onda, samaki mkavu wa Lindi. Chumvi tupu. Unamloweka usiku kucha na bado anakuwasha ulimi.

Naandika kila siku nilichopika. Tabia ya melini hii. Miaka tisa nilikuwa jikoni kwenye meli ya mizigo, na mpishi mkuu alitaka kiandikwe kila kilichoingia sufuriani. Hapa hakuna anayetaka. Naandika tu. Nisipoandika naona siku haijaisha.

Kambi iko porini kati ya Nachingwea na Ruangwa. Wanakata miti, wanang'oa visiki, barabara ipite. Pori lote limechomwa, majivu mpaka kwenye kope. Maji yanaletwa na lori. Kijiji cha karibu ni Nandagala, saa nne kwa mguu, na kutoka bila ruhusa ya nyapara unafutiwa siku kwenye kipande, ile kadi ya siku za kazi. Kwa hiyo hakuna anayetoka. Kama meli kabisa, ila haiendi popote.

Shemeji Mfaume amekula akamaliza. Ni mume wa dada yangu Somoe wa Mbekenyera. Mimi ndiye niliyemleta hapa, mwezi wa sita. Somoe hakutaka. Nikamwambia, mumeo atakula kwa mkono wangu kila siku, una wasiwasi gani? Kwa hiyo namwangalia anavyokula. Najua namwangalia na yeye anajua, anacheka.

Alhamisi, 6 Septemba

Ausi ametema damu kwenye ugali. Akainua tonge kila mtu alione. Akasema nimetia mchanga kwenye unga.

Ausi huyu wa Nandagala ana mdomo, sijui aliuokota wapi. Kila changu kibaya. Maharage mabichi, ugali mgumu, chai inanuka moshi. Nikamwambia akapikiwe na mama yake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Baadaye nimepepeta unga mara mbili peke yangu. Hauna mchanga.

Jumapili, 9 Septemba

Mapumziko. Nimekagua vinywa vya watu kama mnunuzi wa ng'ombe.

Fizi za Ausi zimevimba, zimekuwa za zambarau, zinapanda juu ya meno. Wengine wanane vilevile. Magoti yanawauma. Miguuni wana vidoadoa vyekundu, penye kila unywele kidoa. Mfaume alikuwa amekaa mbali anashona suruali. Nikamwambia afungue mdomo. Akasema hana kitu. Nikamwambia afungue. Fizi zake pia.

Naujua ugonjwa huu, ni kiseyeye. Niliuona melini, kwa wale wachochea moto wa chini, safari moja tuliyokaa baharini muda mrefu bila kugusa bandari yenye soko. Mchele, dengu, ng'onda. Mchele, dengu, ng'onda. Wakaanza kutema damu na kukaa kitako kazini. Serangi, mkubwa wa mabaharia, akawapanga mstari kila adhuhuri. Kila mtu kikombe kidogo cha maji ya ndimu kutoka kwenye chupa, na haondoki mpaka ameze. Wakapona. Chupa nilizibeba mimi kutoka stoo.

Tuko nchi kavu na tunaumwa ugonjwa wa bahari. Nimesikitika. Nimefurahi pia, naona aibu kuliandika hilo. Nimefurahi kwa sababu hapa dawa naijua mimi peke yangu.

Jumatano, 12 Septemba

Nimemwambia nyapara. Likwata alikuwa askari wakati wa vita, anasimama wima hata akiwa anakunywa uji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza bahari iko upande gani. Wote waliokuwa karibu wakavunjika mbavu.

Anasema watu wamechoka, wanatafuta njia ya kulala. Tangu mchana naitwa Baharia. Haya.

Lakini hakunikataza. Alisema nikitaka ndimu niagize, mradi nisimsumbue Bwana, yule Mzungu mwenye barabara.

Jumatatu, 17 Septemba

Dereva wa lori la maji ana jamaa zake Lindi. Amekubali kuniletea magunia mawili ya ndimu akienda kuchukua mafuta. Nimempa saa yangu ya melini. Hata hivyo ilikuwa inachelewa.

Wagonjwa kumi na mbili. Mfaume bado anakwenda kazini, ila shoka amebadilisha, ameomba jepesi. Nilimwona.

Jumamosi, 22 Septemba

Ndimu zimefika. Robo imeoza njiani kwa joto, lakini zilizobaki ni nyingi. Harufu yake kambi nzima. Sijanusa kitu kizuri hivi tangu nishuke melini.

Mawazo yalinipeleka huku na huku kidogo. Zikikaa hivi zitaoza zote baada ya siku chache, na lori haliendi Lindi tena mpaka mwezi ujao. Yale maji ya melini yalikaa kwenye chupa mwaka na zaidi bila kuharibika. Kwa hiyo nimezikamua zote, nikachemsha kwenye sufuria kubwa kuanzia asubuhi mpaka baada ya adhuhuri, nikatia chumvi na sukari guru. Yamekuwa mazito, rangi ya chai ya rangi. Nimejaza madumu mawili. Yatakaa.

Mfaume alikuja akachukua ndimu moja kwenye gunia, akaikata kwa kisu, akaipeleka mdomoni. Nikamnyang'anya. Nikamwambia, fizi zako kidonda, asidi ile itakuchoma, ngoja dawa. Akaomba radhi. Mtu mpole sana huyu, Somoe ana bahati.

Jumatano, 26 Septemba

Siku ya nne ya kugawa. Naita mmoja mmoja, kipimo ni kifuniko cha dumu. Namsimamia mtu mpaka ameze. Nimejiona serangi kamili, hata tumbo nimetoa.

Mfaume anakunywa wa kwanza. Anafumba macho, anameza, anafungua mdomo kunionyesha. Ausi kachukua kifuniko, kanitazama usoni, kamwaga chini. Anasema mpishi haumwi, mpishi anakula nini? Wakanigeukia wote.

Ni kweli siumwi. Sijui kwa nini. Nakula ugali uleule na maharage yaleyale. Adhuhuri nikishapakua huwa nachukua kitunguu kimoja kutoka kwenye vile vya mchuzi wa Likwata, natafuna kibichi na ukoko. Kimoja tu. Wizi wa jikoni, kila mpishi anao. Lakini neno la Ausi limenifuata kutwa nzima.

Ijumaa, 5 Oktoba

Hawaponi.

Nimeongeza kipimo. Vifuniko viwili. Melini wiki moja ilitosha, mtu anaanza kusimama. Hapa wiki mbili sasa na wagonjwa wamekuwa kumi na saba. Labda wanahitaji kuzoea. Labda ndimu za Lindi hazina nguvu ya zile za melini. Nimechemsha tena kilichobaki ili kikolee zaidi.

Jumanne, 9 Oktoba

Dresa, msaidizi wa daktari, amekuja kutoka Nachingwea na baiskeli. Kijana mwenye adabu, amechoka, ana kambi nyingi za kuzunguka. Akawapaka wote dawa ya zambarau mdomoni. Sasa wakicheka wanatisha. Akatoa vidonge vya homa. Nikamweleza habari za ndimu. Akasema vizuri, endelea nazo. Moyo wangu ukatulia.

Nilimwomba amchukue Mfaume hospitali. Akasema lori likipata nafasi. Mfaume mwenyewe hataki. Anasema akitoka sasa kipande chake kitavunjika na siku zote alizokata miti zitakuwa bure. Akaniambia kwa sauti ya chini, shemeji, mimi nina wewe hapa, hospitali nitakuwa na nani?

Alhamisi, 11 Oktoba

Ausi katoroka. Asubuhi turubai lake tupu. Kaacha sufuria chafu, kaacha shuka. Mtu ambaye juzi alikuwa anatembelea fimbo.

Likwata kafura. Mimi nimesema potelea mbali. Kanitukana mwezi mzima, kamwaga dawa yangu, na sasa atakwenda kufia njiani watu waseme ni mpishi. Nimefurahi kaondoka. Hasira yangu haijaisha hata sasa ninapoandika.

Jumatatu, 15 Oktoba

Sembe, maharage. Maji hayakuja.

Jumapili, 21 Oktoba

Mfaume hatembei tena. Nyuma ya magoti kumekuwa kugumu kama ubao, kweusi, hawezi kunyoosha mguu. Ana kovu kwenye muundi, alijikata na jembe alipokuwa mdogo, Somoe alishanisimulia. Kovu limefunguka. Kidonda cha miaka ishirini, kimefunguka chenyewe, kinatoa damu kama cha jana. Nilikifunga kitambaa.

Anakunywa vifuniko vitatu sasa. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Haachi hata tone, anapitisha kidole ndani ya kifuniko analamba. Wengine wameanza kukataa. Yeye anawaambia, mnywe, shemeji yangu alikuwa melini, anajua.

Naomba asiseme hivyo. Sijamwambia asiseme.

Jumatano, 24 Oktoba

Nakosea wapi. Nimekaa jikoni nimejiuliza hilo tu. Ndimu ni ndimu. Maji ni maji. Labda si ugonjwa ule. Labda mimi ni mjinga aliyebeba chupa.

Jumapili, 28 Oktoba

Wagonjwa ishirini na mmoja. Nimemwendea Likwata kwa mara ya tatu kuhusu hospitali. Lori limekatika gia, liko Nachingwea, na maji tunafukua kwenye mchanga wa mto. Nikamwambia basi tumbebe. Akasema siku nzima juani kwenye machela, utafika na maiti. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekaa. Sijawahi kumwona amekaa mchana.

Nimemlisha Mfaume uji kwa kijiko. Ugali hawezi tena, meno yanacheza. Ameniuliza kama mvua imeshaanza Mbekenyera. Nikamwambia bado. Akasema Somoe atachelewa kupanda peke yake.

Ijumaa, 2 Novemba

Ausi karudi.

Kaja kwa miguu yake, saa nne za njia, kabeba mzigo. Kasimama mbele ya jiko langu akacheka. Fizi nyekundu safi. Meno yote yamo. Nilidhani naota. Nikamshika taya nikaangalia ndani, akaniacha nimwangalie, mara ya kwanza hakunitukana.

Amekuja kumwomba Likwata msamaha, apewe kipande chake. Nikamuuliza kapewa dawa gani, na mganga gani. Akasema mganga nani, nilikwenda nyumbani nikalala chini ya mikorosho ya mama. Mabibo yameiva. Hakuwa na meno ya kula kitu kingine, akawa anafyonza mabibo tu, kutwa nzima, mpaka tumbo likamvuruga. Siku ya tano akasimama. Siku ya kumi akalima.

Mabibo. Kitu tunachotupa chini tukishachuma korosho.

Sikulala. Si kwa furaha.

Jumamosi, 3 Novemba

Naandika haya ili nisijidanganye baadaye.

Yale maji ya melini sikuwahi kuyatengeneza. Nilibeba chupa tu. Niliona hayaharibiki, nikasema basi yamepikwa, kwa sababu jikoni kwangu kisichoharibika ni kile kilichopikwa au kilichotiwa chumvi. Ndivyo mpishi anavyofikiri. Juu kwenye shingo ya chupa kulikuwa na mafuta kidogo yanaelea. Niliyaona miaka tisa. Sikuuliza ya nini. Hayo mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiyalinda, moto haukuhusika. Melini maji yale hayakupata moto hata siku moja, yalitoka chupani yakaingia kikombeni.

Ausi alikula mabibo mabichi. Mimi natafuna kitunguu kibichi. Wao nimewapikia kila kitu. Nimewapikia mpaka dawa.

Na ile ndimu nilimnyang'anya mkononi. Ilikuwa mbichi, ilikuwa imeshakatwa. Alikuwa ameifikisha mdomoni.

Nimemwendea Likwata alfajiri. Mabibo ni marufuku kambini, maana mwaka jana watu walitengeneza pombe wakapigana mapanga. Nikamweleza. Halafu akavuta mdomo wake wa chini na kunionyesha. Fizi zake nyeusi. Mwezi mzima kaficha. Na vitunguu vyake nilikuwa namkaangia kwenye mafuta, vizuri kabisa, kama anavyopenda.

Akasema kesho niende Nandagala na Ausi. Mabibo yaliwe mbele yake, mtu amesimama mstarini, na lisibaki hata moja la kuvundikwa.

Jumapili, 4 Novemba

Tumetoka usiku wa manane, tumefika asubuhi. Mama yake Ausi alidhani tuna wazimu. Kila mwaka anawasukumia mbuzi mabibo hayo. Majirani walituchumia, watoto wakapanda juu, tumejaza vikapu sita vya ukindu na kuvining'iniza kwenye baiskeli mbili za kuazima. Hatukuweza kupanda, tulisukuma mpaka kambini. Jua limetuchoma. Yaliyopondeka njiani yametuchuruzikia mpaka kwenye vifundo, nzi wametusindikiza.

Kufika, laasiri. Nilikwenda kwa Mfaume kwanza. Nikalikamua bibo moja kwa mkono wangu, maji yakaingia mdomoni mwake moja kwa moja, bila kikombe. Akakunja uso kwa ule ukakasi. Akasema hili tamu kuliko ile dawa yako. Mara ya kwanza kuniambia kwamba dawa yangu ilikuwa mbaya. Wiki sita kainywa na hakusema.

Kafyonza saba. Nikataka kumwambia yote palepale. Nikaona nimwache apone kwanza ndipo nimwambie, tucheke pamoja.

Wengine walipanga mstari. Likwata wa mwisho, kasimama wima, katafuna kama askari.

Jumatatu, 5 Novemba

Mfaume amefariki.

Alfajiri, alitaka kuchukua udhu. Tangu mwezi uliopita anatayamamu akiwa amelala. Leo alisema anajisikia ana nguvu. Akakaa mwenyewe. Akashika nguzo ya hema, akasimama. Nilikuwa nawasha moto, nikamwona anasimama, nikafurahi, nikamwita jina. Akageuza uso kwangu. Akaanguka.

Nilipofika hakuwa na pumzi. Mabibo ya siku moja yalikuwa yamechelewa.

Tumemzika kabla ya adhuhuri. Ausi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Mimi niliombwa, nikashindwa.

Jumanne, 6 Novemba

Nimepika. Watu lazima wale. Sembe, maharage. Mabibo kwanza.

Nimemwaga yaliyobaki kwenye madumu yote mawili nyuma ya jiko. Ardhi ilichukua muda kuyanywa.

Mjumbe katumwa Mbekenyera. Nilitaka kwenda mimi. Likwata kasema ukiondoka nani atawalisha hawa ishirini. Ni kweli. Nikaona nafuu kwamba ni kweli, na nikajichukia.

Alhamisi, 8 Novemba

Ausi anakwenda Nandagala kila siku ya pili na baiskeli. Hakuna anayemtuma tena. Jana kaleta na maembe mabichi ya kwanza, madogo, makali. Kanikalia jikoni bila kusema kitu. Mtu wa maneno yale yote. Nilimtukana moyoni siku ile alipomwaga kifuniko changu, na kama wangemwaga wote wangekuwa wapi leo? Aliyeniamini ndiye niliyemzika. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nalizungukia kutwa.

Jumatatu, 12 Novemba

Wanasimama. Mmoja mmoja. Madoa ya miguuni yanafifia, yanakuwa manjano. Yule fundi wa misumeno ambaye alikuwa halali kwa magoti leo kabeba debe la maji kutoka kwenye lori. Lori limetengenezwa. Likwata kaanza kupiga kelele tena, na watu wamefurahi kumsikia.

Wananishukuru. Wananiita Baharia, na sasa hawacheki. Mzee mmoja kaniombea dua mbele ya watu. Nikaondoka kwenda kuleta kuni ambazo zilikuwepo.

Laiti wangenipiga.

Likwata kanipa siku nne. Kasema nenda kwa dada yako, Ausi atapika. Ausi atapika, Mungu awasaidie.

Alhamisi, 15 Novemba. Mbekenyera

Nimefika jana jioni, nusu njia kwa lori, nusu kwa mguu. Mvua ya kwanza imenyesha huku.

Somoe yuko edani, ndani, nguo nyeupe. Amekonda. Alinipokea mzigo kama kawaida, akaniwekea maji ya kuoga. Hatukulia mbele ya wageni. Walipoondoka tulilia.

Leo asubuhi tulibaki wawili. Alikuwa anachambua mbegu za mtama kwenye ungo, atampa mtu akampandie. Akaniuliza jambo moja tu. Alikuwa anakula, kaka?

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea. Nikamwambia alikuwa anakula. Kila nilichompa alikula. Nikaona uso wake unatulia, na ningeweza kuishia hapo. Nilitaka sana kuishia hapo.

Nikamweleza. Ndimu, moto, madumu, Ausi, mabibo. Na ile aliyoikata mwenyewe nikamnyang'anya. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo mwanzoni nikaacha. Nilikuwa natazama mikono yake kwenye ungo. Ilisimama.

Akainuka akaenda jikoni. Nikajua nimefukuzwa, nikaanza kufunga mzigo wangu. Nikasikia anaponda kitu. Nikasikia moshi wa kuni mbichi, anapuliza, anakohoa.

Akatoka na ugali wa mtama na mlenda kwenye bakuli moja. Akaweka katikati. Akaketi upande wa pili, macho yake mekundu kwa moshi au kwa kulia, akaninawisha mikono.

Akasema kula, kaka.

Nilichelewa kunyoosha mkono. Akamega tonge yeye kwanza, akachovya, akala. Nami nikala. Ugali ulikuwa moto. Tulikula tukamaliza, halafu nikamsaidia kuzipeta mbegu zilizobaki.